Hadithi Namba Thelathini na Moja

Lindi, Jumatatu, 5 Februari 1951

Leo nimekubali kazi ambayo sikuiomba. Bwana Ustawi, yule ofisa Mwingereza kijana wa ustawi wa jamii anayeisimamia nyumba ya kusomea magazeti, kanikuta nafuta meza akasema serikali inataka mashindano ya hadithi fupi kwa Jimbo zima la Kusini. Kwa Kiswahili, kurasa zisizidi kumi. Wa kwanza atapata taa mpya ya karabai, na hadithi yake itachapwa katika gazeti la jimbo. Mimi, kwa kuwa nimefundisha miaka ishirini na tisa na sasa natunza ufunguo wa nyumba hiyo, niwe mwamuzi. Mwamuzi wa pili atatoka misheni.

Sharti lake kubwa ni moja. Jina la mwandishi halikai juu ya hadithi. Linafungwa ndani ya bahasha ndogo kwa lakiri, mimi naandika namba moja juu ya hadithi na juu ya bahasha yake, na bahasha hazifunguliwi mpaka waamuzi wamekwisha kukubaliana. Nikamwambia hilo asiwe na wasiwasi nalo.

Nimekubali kwa sababu moja tu, na kwa kuwa daftari hili halina msomaji, naisema. Nyumbani kumekuwa kimya mno. Mke wangu Biasha alikufa Septemba. Hatukujaliwa mtoto. Nikirudi jioni nafungua mlango mwenyewe, naufunga mwenyewe, basi.

Alhamisi, 8 Februari

Mvua. Hakuna hadithi hata moja. Jirani yangu Mama Samia kaniletea mchicha wa nazi. Nimemrudishia sahani tupu, na nilipokwisha kuirudisha ndipo nikakumbuka kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Mambo hayo alikuwa akiyajua Biasha.

Jumamosi, 17 Februari

Hadithi kumi na nne, na tisa kati yake ni za trekta. Tangu ile kazi ya serikali ya kulima karanga kwa matrekta ifungwe kule Nachingwea, kila karani aliyeachishwa amerudi kwao na kalamu na kinyongo. Katika namba 6 trekta inazungumza. Katika namba 9 inazungumza Kiingereza. Namba 12 trekta haizungumzi, lakini mwandishi anaieleza spana moja moja, kurasa nne, mpaka nikahisi nina mafuta mikononi.

Nimetangaza kwa jina langu katika kila ofisi, mpaka Kilwa na Liwale: zipelekwe kwa Mwalimu Yunusu bin Makame, Lindi. Haya, ndiyo hizo.

Jumatano, 28 Februari

Siku ya mwisho. Jumla arobaini na tatu. Mwamuzi wa pili kafika, Mwalimu Theresia, binti wa miaka ishirini na sita au saba, Mmwera, anafundisha wasichana misheni. Kaniamkia vizuri, kakaa, kafungua hadithi ya kwanza, na kabla ya ukurasa wa pili akasema, "Mwalimu, huyu kaandika kwa ajili ya ofisa, hakuandika kwa ajili ya mtu." Nikamwambia asihukumu haraka. Nikaisoma. Ilikuwa kweli kaandika kwa ajili ya ofisa.

Tumegawana. Yeye kachukua ishirini na mbili za mwanzo, mimi zilizobaki, halafu tutabadilishana. Kaniuliza kama nala vizuri. Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu matanga yaishe.

Jumapili, 4 Machi

Mvua. Namba 23 hadi 27. Sina la kusema.

Ijumaa, 9 Machi

Nimetoka msikitini, nimekula wali wa jana, nikakaa barazani na rundo langu. Namba 28, trekta. Namba 29, mtu anageuka simba, au simba anageuka mtu, mwandishi mwenyewe hakuwa na hakika. Namba 30 sikuweza kuusoma mwandiko. Nikachukua 31.

Inaitwa "Marehemu Aliyesahau Kifumbu". Nilicheka mwanzoni, hilo nalikiri. Marehemu amebebwa kwenda makaburini, wanafika katikati ya njia, anagonga jeneza. "Nishusheni. Nimesahau kifumbu changu cha kuchujia tui, na yule bwana atakula makapi ya nazi mpaka anifuate." Wanamshusha. Anarudi nyumbani, anakitazama kifumbu, anakiona kiko msumarini pake, anarudi jenezani. Wanambeba. Anagonga tena: hajawahesabu kuku. Kuku wake wote wana majina ya mabwana wa bomani, na jogoo anaitwa Hakimu.

Hapo nikainuka. Jogoo wetu anaitwa Hakimu. Yuko uani sasa hivi, anawika bila saa kama kawaida yake.

Nikaisoma iliyobaki nimesimama. Marehemu anatembea akiutupa upande mmoja wa nyonga, kama mtu anayesukuma mlango kwa kiuno, kwa kuwa alipokuwa na miaka tisa alianguka kutoka kwenye mkorosho wa watu akiiba mabibo, akamdanganya mama yake kwamba kachomwa na mwiba, na mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Anapatana bei na muuza samaki mpaka muuza samaki anaomba aende zake, halafu anamwongezea senti ya mtoto wake. Anakoroma mpaka paka anahama nyumba. Mara ya tatu anarudi kumwambia mumewe kwamba kanzu kaivaa nje ndani. Mume anasoma gazeti. Marehemu anasimama mbele yake, anamwita, anapunga mikono. Kisha anawaambia waliombeba, "Twendeni. Hata nilipokuwa hai, akishika gazeti hanioni."

Mume hana jina. Anaitwa Bwana Gazeti.

Subhanallah. Nilimzika Biasha kwa heshima. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyevunja adabu, khitma ilisomwa na watu wakasema maziko yale yalikuwa ya kiungwana. Leo mtu nisiyemjua anaingia nyumbani mwangu, anamwinua mke wangu kaburini na kumfanya kichekesho cha kushindania taa.

Nikafanya jambo ambalo ningemchapa mwanafunzi kwa kulifanya. Nikaitafuta bahasha namba 31, nikavunja lakiri yake. Ndani: Leonadi Mtopa, mwalimu wa shule, Mitole, Kilwa, mzaliwa wa Kilangala. Kilangala ndiko kwao Biasha. Basi ni mtu wa kwao, anajua kila kitu, na kakiuza.

Nimeandika barua kwa wakubwa wa huko Kilwa wanaowasimamia walimu wa upande ule. Nimesema mwalimu huyu anatumia kalamu kuwatukana maiti na wazee, tena Waislamu, na yeye si Mwislamu, na mtu wa namna hiyo hafai kusimama mbele ya watoto. Barua safi, haina futo hata moja. Nimetia sahihi na cheo changu cha zamani.

Jumamosi, 10 Machi

Barua imeondoka na lori la posta asubuhi. Nilijisikia vizuri mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 12 Machi

Mvua kubwa. Paa linavuja juu ya kitanda upande wa Biasha. Nimeweka sufuria.

Alhamisi, 15 Machi

Mwalimu Theresia kaja kubadilisha. Kahesabu zangu, kahesabu tena.

"Mwalimu, zako ni ishirini. Ya thelathini na moja iko wapi?"

"Hiyo haifai."

"Haifai kwa kanuni ipi?"

Nikasema haina adabu. Akanitazama kwa upole wao ule wa kimisheni, ambao ni ukaidi mtupu, akasema kanuni zinataka waamuzi wawili, kwa hiyo adabu yake naye aione. Nikamtolea. Bahasha yake iliyovunjwa lakiri nilikuwa nimeificha ndani ya kamusi.

Jumapili, 18 Machi

Nataka kuyaandika haya kama yalivyokuwa.

Theresia kaja moja kwa moja kutoka kanisani, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umesoma?"

"Nimesoma mara mbili, na mara ya pili nimewasomea masista. Sista mkubwa kacheka mpaka kavua miwani. Mwalimu, karabai imempata mwenyewe."

Nikamwambia ile ni matusi kwa maiti.

"Ndiyo," akasema, "matusi matupu. Ya mtani."

Mimi ni mtu wa Kivinje, nimezaliwa mjini. Utani naujua kwa kuusikia, watu wa makabila wakitukanana njiani na kunyang'anyana kofia. Sikujua kwamba unafika kaburini. Theresia akanieleza polepole, kama anavyomfundisha mtoto. Kwao ukoo mmoja una ukoo mwingine ambao ni watani wake, haidhuru huyu anasali msikitini na yule kanisani. Mtu akifa ndugu wanalia, na mtani anakuja anavaa nguo ya marehemu, anatembea kama yeye, anautaja uchoyo wake na ubishi wake na kukoroma kwake mbele ya wafiwa, anajilaza mlangoni hakuna anayepita mpaka apewe kuku. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ndipo wanajua kwamba amekwenda.

"Na asipokuja mtani?"

"Msiba unakaa nyumbani tu, Mwalimu. Haujatolewa." Akaigonga ile hadithi kwa kidole. "Huyu kafiwa na mtani wake na hakuwahi maziko. Kazi yake kaifanya kwa kalamu. Yule mama simjui, lakini nikimwona njiani nitamtambua."

Nikamwambia, "Ni mke wangu."

Akaniomba radhi kwa kucheka. Nikamwambia asiombe.

Nilimkumbuka shemeji yangu Tawakali. Alifika kutoka Kilangala siku ya tatu, maana barabara ilikuwa mbaya na mimi nilikuwa nimekwisha kuzika. Kitu cha kwanza aliuliza, "Watani wake wamekuja?" Nikamjibu kwamba nyumba yangu ni ya kusoma Kurani, si ya michezo ya bara. Alikaa siku mbili hakusema neno, akaondoka. Nilidhani ameuridhia ustaarabu wetu.

Theresia alipoondoka niliisoma upya. Pale paka anapohama nyumba nilicheka peke yangu mpaka Mama Samia akachungulia juu ya ua. Kisha nikafika kwenye mkorosho. Miaka ishirini na sita niliishi na nyonga ile, nikiisikia inakuja ukumbini kabla sijamwona mwenyewe, na sikumwuliza hata siku moja ilikuwaje. Ninamkumbuka Biasha sana. Sikuwahi kuliandika hilo.

Ile barua sikumwambia Theresia.

Jumatatu, 19 Machi

Lazima niirudishe barua yangu. Telegramu ingefika leo leo. Lakini karani wa posta ni Yahya, mwanafunzi wangu wa zamani, na telegramu anaisoma yeye neno kwa neno, na atakachokisoma Yahya asubuhi soko zima litakijua alasiri: Mwalimu Yunusu kavunja lakiri. Nimeandika barua ya kawaida, nimeifunga vizuri. Itaondoka na lori la kesho. Siku tatu nne hazidhuru.

Jumanne, 20 Machi

Lori limeondoka. Mvua.

Alhamisi, 22 Machi

Lori limerudi na mfuko wa posta kama lilivyoondoka nao. Mto Mbwemkuru umefurika, hakuna anayevuka kwenda Kilwa. Dereva anasema maji yamepita juu ya magogo ya daraja na watu wa ng'ambo wanapunga tu mikono.

Nilipita posta. Yahya kaniamkia akaniuliza kama nina haja. Nikanunua stempu.

Jumapili, 25 Machi

Pasaka. Theresia yuko misheni. Mvua tangu alfajiri. Sikusema na mtu.

Jumatano, 28 Machi

Mvua. Mbwemkuru vilevile.

Jumamosi, 31 Machi

Theresia kaja na maandazi ya Pasaka, tumesoma zilizobaki pamoja barazani. Tumekubaliana zote isipokuwa ya pili na ya tatu, ambazo kwake yeye zipinduliwe. Ya kwanza ni 31, hakuna ubishi. Anasema hana subira, anataka kuona sura ya huyo mtu siku atakapopewa karabai. Alikuwa na furaha, ananitania kwamba sasa nacheka mpaka na trekta. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara mbili nikamwongezea chai.

Jumatano, 4 Aprili

Lori la tatu limerudi na mfuko wake. Nimekwenda posta.

Yahya aliiweka fomu mbele yake akaanza kuhesabu maneno kwa sauti, ndiyo kazi yake, na nyuma yangu walikuwapo watu watano. "Mimi nilifungua bahasha kinyume cha sheria. Mwalimu Leonadi Mtopa hakutukana. Ni mtani wa marehemu mke wangu. Barua yangu ya kwanza ni kosa langu. Msimwadhibu." Alipofika mwisho akainua uso.

"Mwalimu, 'msimwadhibu' naihesabu neno moja?"

"Moja, Yahya. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alinipisha njia.

Ijumaa, 6 Aprili

Jibu limekuja. Mwalimu huyo alisimamishwa kazi tangu tarehe 28 Machi. Ameihama nyumba ya shule. Shauri lake litaangaliwa muhula ujao.

Tarehe 28 Machi. Telegramu ya tarehe 19 ingemkuta bado yuko darasani. Nimehesabu siku hizo kwa vidole, kisha nikahesabu tena kana kwamba zitapungua. Ni tisa. Katika siku tisa hizo mimi nilikuwa nailinda heshima yangu kwa Yahya, na mtu alikuwa anafungasha vyungu vyake katika mvua.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimemwambia Theresia yote: bahasha, barua, telegramu. Nilimwonyesha lakiri iliyovunjika. Hakupandisha sauti.

"Siku ile nilipokuwa nacheka hapa, ulikuwa umekwisha kuipeleka?"

"Nilikuwa nimekwisha kuipeleka."

"Na siku ya maandazi?"

"Na siku ya maandazi."

Akazikusanya karatasi zake moja moja, akazipiga mezani zilingane. Akasema alama zake atazipeleka kwa Bwana Ustawi mwenyewe. Nikamwambia njia ina matope, angoje mvua ipungue. Akasema ameizoea.

Ningependa angenifokea. Mtu anayekufokea hujamtoka moyoni bado.

Jumatano, 11 Aprili

Nimemweleza Bwana Ustawi. Alisikiliza vizuri, nadhani ni mtu mwema, ila anapenda kanuni kama mimi nilivyozipenda. Akasema kwa kuwa bahasha ya 31 ilifunguliwa kabla ya hukumu, hadithi hiyo haiwezi kushindana. Nikamwambia aliyefungua ni mimi, si mwandishi. Akasema anafahamu, na anasikitika, lakini kanuni haisemi nani.

Kwa hiyo hadithi bora imetolewa kwa kosa la mwamuzi. Nimetaka nipewe adhabu mimi. Akasema itanibidi nirudishe ufunguo wa nyumba ya kusomea mwisho wa mwezi, si kama adhabu, bali kwa kuwa watu wamesikia. Akanipa hadithi yenyewe nimrudishie mwenyewe.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimemwandikia Tawakali huko Kilangala, nimemwomba kama anajua Leonadi yuko wapi amfikishie salamu na habari. Karatasi tatu nilichana. Sikujua nianze na lipi.

Jumatano, 18 Aprili

Mvua. Mbwemkuru umepungua.

Jumamosi, 21 Aprili

Siku ya zawadi. Karabai imekwenda kwa namba 12, ile ya spana. Mwandishi wake ni karani mnene, mpole, na mkewe alilia kwa furaha walipoiwasha. Niliwapigia makofi, hawana kosa. Theresia alikaa mwisho wa safu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Basi.

Baadaye watu walikunywa chai na kuongea, nami nilikuwa napanga viti. Niligundua kwamba nimepanga viti vyote na hakuna aliyenisemesha.

Jumamosi, 28 Aprili

Nimerudisha ufunguo. Mfuko wa kanzu ni mwepesi.

Jumatatu, 30 Aprili

Leo asubuhi mtu kaingia nyumbani bila hodi.

Nilikuwa jikoni napuliza moto. Nikageuka nikamwona mlangoni, mtu mrefu, mwembamba, suruali ina matope mpaka magotini, anatazama huku na huku kama mwenye nyumba aliyetoka safarini.

"Bwana Gazeti ndiye wewe?"

Nikajua ni nani. Nikasema ndiye mimi.

"Nguo zake ziko wapi?"

Kasha la Biasha nilikuwa nimelifunga tangu Septemba. Nikampa ufunguo. Akachagua kanga mwenyewe, ile ya bluu aliyokuwa akiipenda kwa kwenda sokoni, akajifunga moja kiunoni na moja kichwani. Kisha akatembea.

Sijui niandike vipi. Ilikuwa ile nyonga, ile ile, inasukuma mlango. Akaingia chumbani akatoka, akatembeza kidole juu ya meza akaniletea vumbi mpaka puani. "Hii ni nini? Au siku hizi mnalima ndani?" Akaenda uani akaita kuku kwa majina, akamgombeza Hakimu kwa kuwika bila saa. Akapatana bei ya samaki na mtu asiyekuwapo. Mama Samia alikuja kwa makelele yale, akaona kanga ya bluu, akajishika kichwa, halafu akakaa chini akaanza kucheka, naye anafuta machozi kwa upande wa buibui. Leonadi alilala kwenye mkeka akakoroma. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikawa sicheki tena, nalia. Nililia kwa sauti, mimi, mbele ya jirani, kama mtoto aliyeachwa njiani. Miezi saba nilikuwa sijalia.

Akanyanyuka akajilaza kizingitini. "Sitoki. Nimechoka kukaa na mtu huyu, na njia ni ndefu, nina njaa. Leteni kuku niende."

Nikamkamatia kuku mweusi. Akamfunga miguu, akavua kanga, akazikunja vizuri kuliko nilivyowahi kuzikunja mimi, akazirudisha kashani. Mama Samia akaenda zake. Leonadi akakaa kwenye kiti, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, ya mwalimu aliyetembea siku nyingi.

Nikamletea chai. Nikamuuliza kama barua zangu zilimfikia.

"Nilisimamishwa kwanza, ndipo baadaye nikasomewa zote ofisini. Ile ya kwanza na telegramu, siku moja."

"Watakurudisha?"

"Wamesema muhula ujao, penye nafasi. Huenda Liwale. Mke wangu nimempeleka kwao Kilangala na watoto watatu. Mdogo alishikwa na homa njiani. Sasa hajambo."

Nikamwambia nilidhani kaandika ili ashinde karabai. Akatikisa kichwa.

"Biasha kila tulipokutana Kilangala alinisimulia nyumba hii yote, mpaka kuku. Habari ya kifo chake nilipata mwezi mzima baadaye. Nikaona jina lako kwenye tangazo, limebandikwa pale penye mizani ya pamba. Nikasema, mlango ndio huu. Nilitaka usome. Habari ya taa sikuifikiria."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Akakisogeza kikombe pembeni.

"Biasha angenifanyia hivi, nisingekuwa na neno," akasema. "Mwaka mmoja aliichukua baisikeli yangu akaiuza mnadani nikiwa kanisani, akala pesa, nikacheka. Ndiyo utani. Yeye nami hatukuwahi kusameheana, hatukuwa na haja. Lakini wewe si mtani wangu, Mwalimu. Wewe ni mume wake tu. Wewe nina hasira nawe ya kawaida, ya mtu na mtu."

"Itakwisha?"

"Sijui. Usiningoje."

Nikatoa hadithi yake, nikamwomba niinakili nibaki nayo, hata ukurasa mmoja tu. Akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akasema imekwisha kusemwa nyumbani kwa marehemu, haikai tena kwenye karatasi. Akamchukua kuku wake akatoka, na safari hii aliuvuta mlango nyuma yake taratibu, kama mgeni.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Kikombe chake kilikuwa kimejaa kama nilivyokiweka. Nimeinywa mimi ile chai. Ilikuwa imepoa, na sukari niliitia nyingi kwa ajili ya mgeni.